Kurudi nyuma si kusalimu amri: maneno ya Kiingereza yanayoweza kugeuza maana ya mkataba

Alfajiri ya tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, unaoitwa leo Tata Raphaël, watu maelfu walimuona Muhammad Ali akiegemea kamba za ulingo. Mbele yake alisimama George Foreman, bingwa wa dunia mwenye miaka 25, aliyeshinda mapambano yake yote 40. Foreman alimpiga mbavuni, mikononi, kisha mbavuni tena. Ali, mwenye miaka 32, alijikunja na kujikinga. Kwa macho ya wengi, alikuwa amekwisha.

Katika raundi ya nane, Foreman akiwa amechoka, Ali aliondoka kwenye kamba, akarusha ngumi zake, na bingwa akaanguka chini.

Mtu anayetaka kusimulia pambano hilo kwa Kiingereza anapaswa kuchagua maneno yake vizuri. Ali alimuachia mwenzake nafasi: Kiingereza kinasema "give ground". Lakini hakukubali kushindwa, maana yake hakufanya "give in". Wala hakukata tamaa, maana yake hakufanya "give up". Neno "give", yaani kutoa, ni lile lile. Kineno kinachofuata ndicho kinageuza kila kitu.

Jambo hili linaweza kuonekana kuwa somo la darasani tu. Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, ni zaidi ya hilo. Tangu nchi iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinazidi kusikika kwenye mipaka, katika biashara na katika ofisi. Kabla ya hapo kilikuwa tayari lugha ya mashirika mengi ya misaada, na ni moja ya lugha za mikutano ya amani. Mara nyingi habari inayomfikia msikilizaji wa Goma, Uvira ao Kalemie imepita kwanza katika Kiingereza, kisha Kifaransa, na mwisho Kiswahili. Katika kila daraja, mtu fulani amechagua neno. Akikosea kati ya "kuondoka" na "kujisalimisha", watu wanaweza kufurahia jambo ambalo hakuna aliyeliahidi, ao kukasirikia jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Maneno ya Kiingereza ya kukubali kushindwa ni mengi, lakini maswali matatu yanatosha kuyatenganisha. Nani aliyekubali? Ametoa kitu gani? Na kwa masharti gani?

Nani aliyekubali?

Mwaka mmoja baada ya Kinshasa, tarehe 1 mwezi wa kumi 1975, Ali alipigana na Joe Frazier karibu na Manila, nchini Ufilipino. Baada ya raundi 14, jicho la Frazier lilikuwa limevimba na haoni vizuri. Alitaka kurudi ulingoni kwa raundi ya mwisho. Kocha wake, Eddie Futch, alikataa na kusimamisha pambano.

Je, Frazier alikubali kushindwa? Hapana. Waliokubali ni watu wa kona yake. Kwa hali hiyo Kiingereza kina msemo wa kutupa taulo, "throw in the towel". Zamani, katika karne ya 19, walisema kutupa sponji, ile waliyotumia kumpangusa mpiganaji uso. Leo msemo huo unatumiwa hata kwa mfanyabiashara anayefunga duka ao mwanasiasa anayejitoa katika uchaguzi. Lakini katika ulingo bado unabeba wazo hili: mwenye kupigana na mwenye kukubali wanaweza kuwa watu wawili tofauti.

Swali hilo ni la maana pia nje ya michezo. Kiongozi anapotia sahihi, askari walioko msituni hawakuwa mezani. Mwenye kusoma kwamba "kundi limekubali" ana haki ya kuuliza: ni nani katika kundi hilo aliyetupa taulo, na je, wapiganaji wake wameliona?

Kuna maneno mengine ambayo hayamtaji mtu aliyeamua, kwa sababu hakuna uamuzi. "Buckle" ni chuma kinachopinda chini ya mzigo. "Cave in" ni udongo unaoporomoka. Wachimbaji wa Rubaya ao Kamituga hawahitaji kufundishwa maana yake: shimo haliamui kuanguka, linashindwa kubeba. Gazeti la Kiingereza likiandika kwamba waziri amefanya "cave in", halitoi habari tu, linamcheka pia. Linasema kwamba hakupima jambo na kuamua, bali aliporomoka. Mfasiri anayeandika "waziri amekubali" amefikisha habari lakini ameacha dharau njiani.

Ametoa kitu gani?

Neno "yield" lina historia ya kushangaza. Katika Kiingereza cha zamani lilimaanisha kulipa, na ni ndugu wa neno "Geld", pesa, la Kijerumani. Ndiyo maana mpaka leo linatumiwa kwa mavuno ya shamba na kwa faida ya pesa iliyowekwa benki: shamba linalipa, pesa inalipa. Na mtu anayefanya "yield" mbele ya nguvu, naye analipa kitu. Lakini si lazima alipe kila kitu. Huko Marekani neno hilo limeandikwa kwenye vibao vya barabara tangu mwaka 1950, vilipoanza katika mji wa Tulsa. Waingereza kwenye kibao hicho wanaandika "give way". Dereva anayepisha wengine hajashindwa. Ametoa sekunde chache, kisha anaendelea na safari yake.

"Surrender" ni jambo jingine. Lilitoka katika Kifaransa cha zamani, na ni jamaa wa "se rendre" ambalo watu wa Kongo wanalisikia kila mara jeshi linapotangaza kwamba wapiganaji wamejisalimisha. Hapa mtu anatoa silaha yake, ao nafsi yake, na kuviweka mikononi mwa mwingine. Na kati ya "surrender" na maneno yanayofanana nayo kuna umbali ambao ukanda wa Ziwa Tanganyika uliwahi kuuona kwa macho.

Ilikuwa mwaka 1918, mwisho wa vita vya kwanza vya dunia. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilikuwa limefukuzwa na Waingereza, Wareno, na Wabelgiji walioongoza askari Wakongomani wa Force Publique. Hao Wakongomani waliingia Tabora mwezi wa tisa 1916. Lettow-Vorbeck alizunguka mpaka Msumbiji, akarudi, akaingia Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wapagazi Waafrika maelfu kwa maelfu walikufa katika vita hivyo kwa njaa, uchovu na magonjwa.

Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1918, huko Ufaransa, wakubwa walitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita. Habari ilimfikia Lettow-Vorbeck karibu na mto Chambeshi siku chache baadaye. Ujumbe wa Waingereza ulimwambia kwamba kipengele cha 17 kinadai majeshi yote ya Ujerumani ya Afrika Mashariki yajisalimishe bila masharti. Lakini mkataba uliotiwa sahihi ulitumia neno jingine. Ulisema "evacuation", yaani kuondoka katika eneo.

Tofauti si ndogo. Anayejisalimisha anatoa bunduki na kuwa mfungwa. Anayeondoka anatoa ardhi na kurudi kwao. Lettow-Vorbeck alilalamika juu ya jambo hilo, lakini hakuwa na nguvu ya kushindana juu ya neno. Tarehe 25 mwezi huo, katika mji wa Abercorn, unaoitwa leo Mbala, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100 waliweka silaha chini, pamoja na wapagazi na familia zao. Ilikuwa wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Hata leo vitabu vya historia vinaandika juu ya siku hiyo kwa neno "surrender". Neno lililoandikwa na wenye mkataba lilishindwa na neno lililofika kwanza.

Kwa masharti gani?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Mfano mzuri ni "capitulate". Leo linasikika kama fedheha kubwa, kuanguka kabisa. Mzizi wake unasema kinyume. Unatoka katika neno la Kilatini linalomaanisha kichwa kidogo, yaani kichwa cha sura katika maandishi. Kifaransa "chapitre" kimetoka hapo hapo. Kufanya "capitulate", kwa maana ya kwanza, ni kuketi na kuandika masharti, sura moja baada ya nyingine: mji utafunguliwa siku fulani, askari watatoka na mizigo yao, wakaaji hawatauawa. Mwenye kukubali kwa njia hiyo ameshindwa, lakini ana karatasi mkononi.

Wamarekani ndio waliolipa nguvu wazo la kinyume, lile la kusalimu amri bila masharti. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwezi wa pili 1862, Jenerali Ulysses Grant aliwaambia maadui zake waliozingirwa katika ngome ya Donelson kwamba hatakubali jambo lingine isipokuwa hilo. Sifa hiyo ilimfuata. Lakini miaka mitatu baadaye, mwezi wa nne 1865, Jenerali Robert Lee alipokuja mbele yake huko Appomattox, Grant huyo huyo aliweka masharti laini: askari wa Lee walirudi nyumbani bila kufungwa, na wenye farasi waliruhusiwa kuondoka nao ili wakalime. Siku zote mbili zinaitwa "surrender". Masharti ndiyo yaliyozitofautisha.

Mwezi wa kwanza 1943, mjini Casablanca, Raisi Roosevelt wa Marekani alirudisha maneno ya Grant. Ujerumani, Italia na Japani zilipaswa kusalimu amri bila masharti. Mwaka 1945, tangazo la Potsdam lilidai hivyo kwa majeshi ya Japani. Kisha zikaja bomu mbili za atomiki, Hiroshima na Nagasaki, zilizotokana na mpango ambao sehemu kubwa ya madini yake ya uranium ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga.

Tarehe 15 mwezi wa nane 1945, mfalme wa Japani alisema na watu wake kwa redio. Hakutamka neno la kusalimu amri. Alisema ameagiza serikali yake ijulishe mataifa manne kwamba inakubali tangazo lao. Wasikilizaji wengi, waliosikia Kijapani kigumu cha ikulu, walihitaji mtu wa kuwaeleza kama vita vimekwisha. Katika magazeti ya Kiingereza hapakuwa na fumbo lolote: Japani imesalimu amri. Na ile "bila masharti" nayo haikutimia kama ilivyoandikwa, kwa maana mfalme alibaki katika kiti chake mpaka kufa kwake mwaka 1989. Kila upande ulipata neno ambalo ungeweza kuwapelekea watu wake.

Kunyamaza nako ni kukubali

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo linapaswa kuogopwa kuliko hayo yote, kwa sababu halifanyi kelele. Ni "acquiesce". Ndani yake mna neno la Kilatini la kupumzika, kutulia. Ni kukubali kwa kutopinga: mtu hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana.

Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye, kimya kiliwahi kupoteza hekalu. Mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa Wafaransa walichora ramani ya mpaka kati ya Siam, yaani Thailand ya leo, na Kambodia iliyokuwa chini ya Ufaransa. Hekalu la Preah Vihear liliwekwa upande wa Kambodia, ingawa mkataba wa 1904 ulisema mpaka ufuate mstari wa milima unaogawa maji. Siam ilipokea ramani, ikaomba hata nakala zingine, na haikulalamika. Mwaka 1930 mwana wa mfalme wa Siam alitembelea hekalu na kupokewa na afisa Mfaransa, bendera ya Ufaransa ikipepea. Hakupinga.

Tarehe 15 mwezi wa sita 1962, majaji 9 kwa 3 waliamua kwamba hekalu ni la Kambodia. Thailand haikushindwa vitani, wala haikutia sahihi kutoa hekalu. Ilinyamaza miaka mingi mno.

Ndiyo sababu wanasheria wanaandika barua za kupinga hata pale wanapojua kwamba hazitabadilisha kitu siku hiyo. Barua hiyo inazuia mtu kuja kusema kesho: mlikubali. Ni somo ambalo chifu mwenye mgogoro wa mpaka, ao familia inayoona jirani akisogeza uzio wake mita moja kila mwaka, inaweza kulielewa bila kwenda La Haye.

Maneno haya yanapofika Kongo

Kwa Mkongomani, neno "concession" linaleta picha ya shamba kubwa, msitu ao machimbo yaliyopewa kampuni. Kivu inalijua tangu wakati wa wakoloni, hasa tangu CNKi ilipoanzishwa mwaka 1928 na kupewa mamlaka juu ya ardhi kubwa. Katika Kiingereza neno hilo lina maana hiyo pia, lakini "concede" ni vilevile kukubali kwamba mwingine ameshinda uchaguzi. Usiku wa kuamkia tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 2000, Al Gore alimpigia simu George W. Bush kukubali matokeo. Baadaye kidogo alimpigia tena kujirudi, kwa sababu kura za Florida zilikuwa zinakaribiana mno. Alikubali kwa mara ya mwisho mwezi uliofuata, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu. Simu ile ya kwanza haikuwa na nguvu ya sheria, ilikuwa heshima tu. Lakini mzizi unaunganisha maana zote mbili: ni kuachia kitu ambacho ungeweza kukishika.

Uzito wa tafsiri unaonekana zaidi katika Umoja wa Mataifa. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la mwezi wa kumi na moja 1967, lilizungumzia majeshi ya Israeli kuondoka katika maeneo yaliyotekwa mwaka huo. Kiingereza kilisema maeneo bila kutaja kama ni yote. Kifaransa, kwa kutumia "des territoires", kilisikika kama kinasema maeneo yote yanayojulikana. Zaidi ya miaka 50 imepita, na ubishi juu ya tofauti hiyo haujaisha.

Tarehe 21 mwezi wa pili 2025, baada ya miji ya Goma na Bukavu kutekwa, Baraza hilo lilipitisha azimio namba 2773 kwa kura zote 15. Neno kuu katika Kiingereza ni "withdraw". Azimio linataka M23 isimamishe vita na iondoke Goma, Bukavu na maeneo mengine inayoyashikilia. Linaomba pia jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo bila masharti.

"Withdraw" ni kuondoka, kurudi nyuma. Siyo "surrender", kwa maana anayeondoka anaweza kuondoka na bunduki yake. Siyo "disarm", kuweka silaha chini, jambo ambalo lina mipango yake na hatua zake. Na siyo "concede", kwa maana anayeondoka hajasema kwamba mwenzake ana haki. Mtangazaji anayesema kwa Kiswahili kwamba azimio linawataka waasi "kusalimu amri" ameongeza kitu ambacho hakimo. Anayesema "kupumzisha vita" peke yake amepunguza. Kiswahili kina maneno ya kutosha: kuondoka, kujisalimisha, kuweka silaha chini, kulegeza msimamo, kupisha, kunyamaza. Kinachokosekana mara nyingi ni dakika moja ya kuuliza lipi kati yao limeandikwa.

Kwa hiyo msikilizaji anayesikia kwamba fulani "amekubali" hapaswi kushangilia ao kulia kabla ya kupata majibu matatu: ni nani aliyekubali, ametoa nini, na karatasi inasema masharti gani. Foreman naye alimuona Ali akirudi nyuma mpaka kwenye kamba, akadhani amekwisha.